Soli Iliyolika Upande wa Ndani

Fundi viatu hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Ukimwamkia njiani ataitikia vizuri tu, lakini macho yake yako miguuni pako. Haikuwa kiburi. Miaka arobaini na mitatu alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, shazia, ile sindano nene ya ngozi, mkononi, na watu wa mtaa alikuwa amewajua kwa visigino vyao. Huyu anaburuta wa kushoto. Yule anakanyagia vidole kama mwizi. Darasani hakuwahi kuingia. Barua zake alisomewa na mshonaji wa nguo wa chumba cha pili, mama mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko uzi wake. Lakini soli hakuhitaji kusomewa.

Ndiyo maana Jumatatu ile, binti yake alipotoa viatu vya kazini kwenye mfuko na kuviweka mezani, alishtuka kabla hata hajavishika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ndivyo vya kazini?"

"Ndivyo. Vinanipeleka upande kama mlevi. Nirekebishie, Alhamisi nipite kuvichukua."

Binti alikuwa na miaka thelathini na tisa. Mtaani walimwita Bonge, jina alilopewa na mama yake akiwa bado hajaota meno, na hakulichukia. Akipiga simu husema, "Bonge hapa." Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate na keki. Keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba juu, haikai sawa, kwa hiyo hukatwa ule mgongo wake ndipo ipakwe krimu. Migongo hiyo haiuzwi. Inaliwa na wafanyakazi. Kwa miaka kumi na mmoja chakula cha mchana cha Bonge kilikuwa migongo ya keki na soda baridi, amesimama mbele ya oveni, kwenye chumba kisicho na dirisha. Anaingia kazini kabla jua halijatoka, anatoka likishazama.

"Umekula?" fundi alimuuliza.

"Nimekula jana, na leo bado nimeshiba." Akacheka. Cheko la mama yake, linaloanzia tumboni.

Akaaga. Kwenye kizingiti akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akateremsha mguu mmoja polepole, akapumzika, akateremsha wa pili. Kizingiti chenyewe ni kimo cha tofali moja.

Fundi akavigeuza viatu. Upande wa nje soli ilikuwa nzima kama ya dukani. Upande wa ndani ilikuwa imekwisha, kitambaa kinaonekana, na kisigino kimelala. Cha kulia kimezidi cha kushoto.

Viatu hivyo alikuwa ameshavishika. Si hivi, vingine. Vya mke wake.

Mke wake alikuwa mpishi kwenye mkahawa wa karibu na gereji. Mwili wake ulikuwa mkubwa, na fundi aliuonea fahari. Waliompita walisema fundi anamtunza mkewe. Alikula alichokaanga. Alikunywa soda kwa sababu jikoni kulikuwa na joto. Maziwa hakuyataka, alisema yanamjaza gesi, na jua alilikimbia kwa kuwa lilimchosha. Daktari wa zahanati alimwambia ana kisukari, akapewa vidonge, akavinywa alipokumbuka. Lakini kuhusu mifupa hakuna aliyewaza. Mwili ule! Watu walitania kwamba Mama Bonge akianguka, atakayeumia ni sakafu. Fundi naye alicheka. Aliamini kwa moyo wote kwamba mwili mzito hubebwa na mifupa mizito, kama nyumba kubwa na nguzo zake.

Kisha viatu vyake vikaanza kulika upande. "Kinena kinaniuma nikikanyaga," mkewe alisema.

"Ni viatu hivyo, mama. Lete."

Akakata kabari ya mpira, akaipigilia chini ya kisigino upande wa ndani, akapiga msasa, akapaka rangi. Mkewe akavaa, akatembea chumbani mara mbili. "Hapo sawa," alisema. Baada ya miezi michache, kabari ya pili. Halafu ya tatu. Kila mara maumivu yalipungua kidogo, na kila mara fundi alijiona bingwa.

Asubuhi moja mkewe aligeuka kuchukua sufuria rafuni. Hakuteleza. Hakujikwaa. Aligeuka tu. Fundi akiwa chumba cha mbele alisikia mlio, na baada ya mlio ndipo akasikia kishindo. Daktari wa mifupa, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimweleza baadaye kwamba mpangilio huo ndio uliokuwa: nyonga ilivunjika kwanza, ndipo akaanguka.

Alilala wiki kumi na moja. Mwili haukugeuzwa kirahisi. Vidonda, halafu kifua, halafu basi.

Hiyo ilikuwa miezi minane iliyopita. Tangu hapo fundi alikuwa anakula alichoona, analala alipokaa, na kuongea alipoulizwa.

Sasa alikaa na viatu vya binti mapajani. Mkono wake, kwa mazoea tu, ulikuwa umeshachukua kipande cha mpira na kisu. Ulikuwa umeshaanza kukata kabari. Alipouona, akatupa kisu chini.

"Vipi fundi, umejikata?" mshonaji aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Hapana."

"Mbona umeruka hivyo?"

"Nyamaza wewe."

Akavifunga viatu kwenye gazeti, akaviingiza ndani ya kabati la marehemu, chini ya kanga, akafunga kwa ufunguo. Mawazo yake yalikuwa haya, na aliyaona ya akili: bila viatu vya kazini, Bonge atakaa nyumbani. Akikaa nyumbani hatasimama kwa saa kumi na mbili mfululizo. Asiposimama hatavunjika. La kumwambia hakuwa nalo. Angeanzaje? Mwanangu, nimeiona nyonga ya mama yako kwenye kiatu chako? Kuna maneno ukiyatamka unakuwa kama umeyaita.

Alhamisi Bonge alipita.

"Bado. Gundi haijakauka."

"Baba! Gundi gani hiyo ya siku tatu?"

"Ni mpya."

"Basi itakuwa ni uji." Akacheka. "Haya, Jumamosi."

Jumamosi alimwambia ngozi imepasuka. Jumatatu akamwambia anatafuta mpira mzuri. Bonge akamtazama kwa upole, kama watu wanavyomtazama mzee aliyefiwa. "Usijali, baba. Pole pole." Fundi akamtazama akishuka kizingiti, mikono miwili kwenye fremu. Hakurudi kwenye kigoda mpaka alipomwona amefika barabarani.

Jambo moja hakuliuliza. Hakumuuliza anakwenda kazini na nini.

Jumatano mchana mshonaji aliingia mbio, simu mkononi, tepu ya kupimia bado shingoni. "Fundi, ni Bonge. Yuko hospitali. Ameanguka."

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Nyonga?"

"Sijui, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga, analia."

Alitoka na aproni, mikono imejaa gundi. Hakumbuki alivyofika. Anakumbuka tu kwamba njia nzima alikuwa anasikia ule mlio.

Ulikuwa mkono. Kifundo cha mkono wa kushoto, kimevunjika sehemu mbili. Bonge alikaa kwenye benchi la korido, mkono umefungiwa ubao, uso umepauka, unga wa ngano bado kwenye nyusi. Miguuni alikuwa na kandambili.

"Nimeteleza tu, baba. Sakafu ya kazini ina mafuta. Wala sikuanguka vibaya, nimejishika kwa mkono, basi. Kwani mkono unavunjika hivi hivi?"

Fundi alikuwa anatazama kandambili. Zilikuwa nyembamba kama karatasi.

"Ulikuwa unakwenda kazini na hizo?"

"Ningevaa nini? Vyangu si viko kwako."

Fundi akafuta gundi mikononi kwa aproni. Akakaa kando yake. Alimwambia. Hakupamba. Viatu viko kabatini mwa mama yako. Sikuvigusa. Niliona soli, nikaogopa.

Bonge alizitazama kandambili zake. Kisha akasema, kwa sauti iliyomfanya nesi ageuke, "Kwa hiyo mimi natembea na kandambili kwenye mafuta, wewe umevilalia viatu vyangu kama kuku na mayai?"

"Ndiyo."

"Baba!"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Alitaka kumtukana, ilionekana. Lakini kitu kilimjia usoni, na hasira ikazimika kabla haijatoka. "Soli ya mama ilikuwa hivi hivi?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo Bonge naye alipoanza kuogopa. Fundi aliiona hofu ikihama kutoka kwake kwenda kwa binti, na kwake isipungue.

Daktari aliyekuja alikuwa yule yule, mwenye sauti ya chini. Fundi alipomwona alisimama. Daktari naye alimkumbuka. Aliangalia picha ya mkono, akauliza Bonge anakula nini, anakunywa nini, anapata jua saa ngapi, mama yake alivunjika akiwa na miaka mingapi. Bonge akajibu kila kitu, hata migongo ya keki. Daktari hakucheka.

"Lakini daktari, mimi ni mnene," Bonge alisema. "Wanaovunjika si wembamba?"

"Hata wanene. Zamani na sisi tulidhani uzito unaulinda mfupa. Unausaidia kiasi, ndiyo, maana mfupa ukibeba mzigo unakaza. Lakini inategemea mzigo wenyewe ni nini. Mafuta ya tumboni hayakai bure, yanatoa vitu vinavyoula mfupa polepole. Yanaingia mpaka kwenye uboho, pale mfupa unapojengwa, yanachukua nafasi. Halafu ukila sukari na mafuta tu, mfupa haupati cha kujengea. Mtu anashiba, mifupa yake ina njaa." Akagusa ubao wa mkono. "Na mtu mzito akianguka, anaanguka na uzito wake wote."

Akaandika kipimo. Mashine ya kupima mifupa, hospitali kubwa, na damu ipimwe sukari. Majibu baada ya siku nane.

Mkono ulifungwa plasta. Bonge akahamia kwa baba yake, maana kwa mkono mmoja hata kuoga ni kazi.

Siku nane zile fundi alipigana na sakafu. Aliondoa mkeka sebuleni, Bonge asije akajikwaa. Aliondoa kigoda cha jikoni. Akafuta sakafu mpaka ikakauka, akaifuta tena. Bonge akiinuka, naye anainuka. Bonge akienda chooni, fundi anasimama koridoni, anasikiliza. Hakuna alichosikia, na hicho ndicho alichokuwa anakiomba.

Mshonaji alileta ushauri. "Mwanangu, wewe acha kula. Maji ya moto na ndimu, asubuhi na jioni. Binamu yangu alipungua mpaka mumewe akampita sokoni bila kumjua."

"Na sasa yukoje?" fundi aliuliza.

"Alirudia mwili wake. Lakini alipungua!"

Fundi alimfukuza na brashi ya viatu. Lakini Bonge alishakamata neno. Chakula kilichokuwa raha yake sasa alikitazama kama nyoka. Siku ya kwanza maji ya ndimu. Ya pili vile vile. Fundi aliona, akasema labda ni huzuni. Siku ya tano asubuhi Bonge aliinuka kitandani, akafika mlango wa chumba, macho yakageuka.

Fundi alimfikia. Hajui vipi, ana kilo hamsini na tano na magoti ya kigodani. Alimkumbatia kwa nyuma, wakateremka pamoja na ukuta, taratibu, taratibu, mpaka chini. Fundi alikuwa amefumba macho. Alisubiri mlio. Haukuja. Aliendelea kusubiri.

"Baba, niachie. Unanibana."

"Umeumia wapi?"

"Hakuna. Kizunguzungu tu."

"Nyonga?"

"Sijaumia, baba!"

"Kwa nini huli?" Alikuwa anapiga kelele, yeye ambaye mke wake alimlalamikia miaka yote kwamba hapazi sauti hata nyumba ikiungua. "Unataka nini? Unataka nibaki na nani?"

Bonge akaanza kulia pale chini. "Nikila, nanenepa, mifupa inakwisha. Nisipokula, naanguka. Sasa niishi vipi? Nyinyi mniambie, niishi vipi?"

Fundi alikaa naye mpaka ukuta ukawa na joto mgongoni. Kisha akaenda jikoni.

Hakuwahi kupika. Tangu azikwe mkewe alikuwa ananunua mkate na chai. Sasa akachambua maharage kama anavyochambua misumari. Akaosha mboga za majani. Akanunua samaki wadogo wanaoliwa na miiba yao yote, na paketi ya maziwa, maana daktari alivitaja vyote viwili siku ya plasta. Maharage yaliungua chini na kubaki mabichi juu. Akayapeleka hivyo hivyo.

Bonge akatafuna. Akatafuna tena. "Baba, haya umeyapika au umeyashona?"

"Kula."

"Nakula. Natafuta tu uzi."

Alikula yote. Fundi alisimama mlangoni na sahani tupu.

Siku ya majibu walipanda mpaka ghorofa ya pili kwa lifti. Bonge alivaa viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika, vipya, alivyovinunua mwenyewe. Fundi hakuulizwa.

Daktari alisoma karatasi. Alisoma muda mrefu, au fundi aliona hivyo.

"Mifupa yako imepungua," alisema. "Kwa umri wako haikupaswa kuwa hivi. Sukari nayo imefika mpakani, haijavuka." Akamtazama fundi, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Lakini haijafika alipofika mama yake, mzee. Hapa bado tuna nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kuizuia isiendelee. Labda na kurudisha kidogo. Apungue mwili, lakini polepole na kwa chakula. Akipungua kwa njaa, mfupa nao unapungua. Maziwa, samaki, maharage, mboga. Soda ziachwe. Jua. Atembee kila siku, na mazoezi ya kukaza miguu. Vidonge nitaandika. Tutapima tena baada ya mwaka."

Bonge alishusha pumzi, ikatoka na kilio kidogo.

Fundi bado alikuwa na lake. Alilibeba miezi minane na sasa alilitoa hovyo, bila mpangilio. Soli ya upande wa ndani. Kabari. Tatu. Kinena.

Daktari akamsikiliza mpaka mwisho. "Soli haionyeshi mfupa, mzee. Inaonyesha unyayo umelala na goti limeelemewa. Viatu vya binti yako havikukuambia ulichodhani vimekuambia. Na kabari haikuvunja nyonga ya mama."

"Na maumivu ya kinena?"

Daktari aliiweka karatasi mezani. "Hayo ningalipenda kuyasikia mapema," alisema.

"Ungemponya?"

"Labda."

Basi. Neno moja. Fundi akalipokea, akaitikia kwa kichwa, akainuka. Alijua atalala nalo na kuamka nalo mpaka siku yake.

Nje ya chumba Bonge alitazama lifti, akatazama ngazi. "Amesema nitembee."

"Si leo."

"Leo, baba."

Ngazi zilikuwa za saruji, zimelainika kwa miguu ya watu. Fundi akataka kumshika. "Wewe ndiye unishike?" Bonge akasema. "Tukiporomoka watatuokota kwa koleo."

Basi fundi akatangulia. Alishuka kinyumenyume, uso kwa binti, mikono yote miwili mbele, ili akianguka amwangukie yeye. Ngazi moja. Bonge ameshika reli ya ngazi, mkono wenye plasta kifuani. Ya pili. Watu walikuwa wanapanda, wakasimama pembeni kumpisha mzee anayeshuka kama anasogeza kabati. Mtu mmoja akasema, "Mzee, geuka, utaumia." Hakugeuka. Kila mguu wa Bonge ulipogusa saruji fundi alikaza meno, akasikiliza.

"Baba, pumua."

"Shuka."

"Nashuka. Wewe pumua."

Walifika chini. Mvua ilikuwa imenyesha wakiwa ndani, na mbele ya mlango lami ilikuwa inang'aa mpaka kituoni, hatua kama mia mbili, na majani mabichi yameganda juu yake. Fundi akaitazama lami. Bonge naye akaitazama, na cheko lake halikuja.

"Tusubiri ikauke," fundi alisema.

"Itakauka, halafu itanyesha tena."

Fundi akamshika mkono ule mzima, juu ya kiwiko, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Binti hakumwambia alegeze. Wakatoka.